Vioo vya Gari la Mikate

Likizo ya mwezi wa sita, Yunis hakulala hadi jua litoke kama watoto wenzake. Kila siku aliamka baridi ya Makambako ikiwa bado imekaza, akajifunga kitenge juu ya sweta, akapuliza makaa na kuchemsha chai. Saa kumi na mbili na nusu, yeye na baba yake walikuwa wameshafika kwenye kiwanda kidogo cha mikate cha Mama Dorosela, nyuma ya soko. Yunis alisaidia kupakia kreti, kisha akapanda mbele kwenda na baba Njombe mjini, kugawa mikate madukani. Aliipenda safari hiyo. Walipita kwenye misitu ya miti ya mbao na mashamba ya viazi yaliyofunikwa na umande ulioganda, na baba aliimba nyimbo za kwaya bila kukosea hata neno moja.

Yunis alikuwa na miaka kumi na miwili, akisoma darasa la sita. Baba yake, Lenard, alikuwa dereva wa Mama Dorosela kwa mwaka wa tisa sasa. Gari lenyewe lilikuwa kubwa, jeupe, lenye paa la juu, na bodi lake lilizibwa kwa bati kuanzia nyuma ya kiti cha dereva hadi mwisho. Halikuwa na dirisha la nyuma. Kioo cha katikati kilionyesha kreti tu, kwa hiyo dereva alipotaka kurudi nyuma alitegemea vioo viwili vya pembeni.

Kwa miaka minane hiyo haikuwa shida. Lenard aliweza kuliingiza gari kwenye uchochoro mwembamba huku akiongea na watu dirishani. Lakini tangu Pasaka mambo yalianza kuharibika. Kwanza aligonga nguzo ya duka moja pale Njombe. Kisha akavunja taa ya nyuma kwenye ukuta wa kiwanda chenyewe. Wiki mbili baadaye alirudi nyuma akaangusha meza ya mama mmoja aliyekuwa akiuza nyanya. Utingo wake alikuwa ameacha kazi mwezi wa tano, na hakuna mwingine aliyepatikana.

"Baba Yunis," Mama Dorosela alimwita siku hiyo, "kuna nini? Gari limekuzidi nguvu?"

"Nyuma hakuonekani, mama," Lenard alijibu, akitazama chini. "Bati limeziba kila mahali. Lingekuwa na vioo vizuri, haya yote yasingetokea."

Mama Dorosela alifikiri, kisha akampigia simu fundi Methodi.

Methodi alikuwa na karakana karibu na stendi, na alijulikana kwa uangalifu wake. Alilifanyia kazi gari hilo siku nzima. Aliondoa vioo vya zamani akaweka vipana zaidi. Kwenye kona ya kila kioo akabandika kioo kidogo cha duara kilichobinuka, ambacho huonyesha eneo kubwa kwa pembeni. Juu ya namba ya gari akafunga kamera, na karibu na usukani akaweka skrini ndogo ya kuonyesha kilicho nyuma. Mwisho akafunga king'ora cha kulia "tii, tii, tii" gari linaporudi nyuma.

Binti yake Methodi, Scholastica, alikuwa akikaa dawati moja na Yunis shuleni. Siku hiyo wasichana hao wawili walisaidia kukagua. Scholastica alisimama nyuma ya gari akiwa na ndoo nyekundu, na Yunis akakaa mbele akitazama skrini.

"Naiona ndoo!" Yunis alipiga kelele. "Nakuona na wewe! Naona mpaka pengo lako!"

Methodi aliihamisha ndoo mara tatu: kushoto, kulia, na chini kabisa karibu na bampa. Mara zote tatu ilionekana. Ndipo akamwita Lenard atazame. Lenard alisogeza uso wake hadi pua ikakaribia kugusa skrini.

"Safi," alisema. "Safi kabisa, fundi."

"Sawa, mzee mwenzangu," Methodi alisema, akijifuta mikono. "Ila usiviamini vifaa peke yake. Ukiwa na wasiwasi, simama, shuka, zunguka gari uangalie kwa macho yako. Halafu ndiyo urudi."

Lenard alicheka kidogo. Yunis hakujua kwa nini kicheko kile hakikumfurahisha.

Siku nne baadaye, pale Njombe, walifika kwenye duka ambalo gari hulazimika kuingia kinyumenyume. Kulia palikuwa na ukuta, kushoto mtaro.

"Shuka uniongoze, mwanangu," baba alisema. "Simama upande wa kushoto, uonekane kwenye kioo."

Yunis alishuka, akasimama mahali ambapo aliuona uso wa baba ndani ya kioo cha kushoto. Ukungu ulikuwa umeshaondoka na jua liliwaka. King'ora kililia, gari likaanza kurudi. Lilikuja vizuri mwanzoni, kisha likaanza kumwelekea. Yunis aliinua mkono. Gari likaendelea. Akainua mikono yote miwili, akaipunga juu ya kichwa.

"Baba, simama! Simama!"

King'ora kilifunika sauti yake, gari halikusimama. Yunis alijirusha mtaroni, na bampa likapita pale alipokuwa amesimama, likagonga rundo la kreti tupu. Ndipo breki zikalia.

Alitoka mtaroni akiwa amechubuka goti, akakimbilia dirishani. "Baba, hukuniona?"

"Ulikuwa wapi?" Baba alifoka. "Nilikwambia usimame kushoto!"

"Nilikuwa kushoto, baba. Nilikuwa ndani ya kioo. Nilikuwa napunga mikono!"

Lenard aligeuza kichwa chote kuelekea kioo cha kushoto, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya kiti. Alikitazama muda mrefu.

Wakati wa kurudi Makambako hakuimba. Nje ya mji alisimamisha gari pembeni mwa barabara, akazima injini.

"Yunis, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Jicho la kushoto sioni nalo. Sijui lilianza lini. La kulia lina ukungu, kama ule wa asubuhi, lakini hauondoki."

Yunis alikumbuka mambo mengi kwa mara moja. Alikumbuka baba akimimina chai nje ya kikombe. Alikumbuka bega lake la kushoto likigonga mlango kila siku, na jinsi kanisani alivyokishika kitabu cha nyimbo bila kukifungua.

"Twende hospitali, baba."

"Nikienda hospitali wataandika kwamba sioni. Wakishaandika, leseni imekwisha. Leseni ikiisha, kazi imekwisha. Na mimi sijui kazi nyingine." Aliushika mkono wa binti yake. "Usimwambie mama yako. Usimwambie mtu. Niahidi."

Yunis alimtazama baba yake, mtu mzima, akilia mchana kweupe ndani ya gari. Alishindwa kukataa.

"Nakuahidi, baba."

Kuanzia siku hiyo Yunis akawa jicho la baba yake. Barabarani alimwambia taratibu, "Baiskeli kushoto, baba," au "Kuna mtu anavuka." Gari liliporudi nyuma alisimama upande wa kulia na kupiga kelele kila hatua. Kila jioni alirudi amechoka kama mtu aliyebeba mawe, na usiku alikosa usingizi akihesabu siku za likizo zilizobaki.

Zikaisha. Shule zilifunguliwa mwezi wa saba, na baba akaenda Njombe peke yake.

Darasani Yunis hakusikia lolote. Mwalimu alipoandika ubaoni, yeye aliliona gari jeupe likirudi nyuma. Kila honi ya barabarani ilimshtua. Mara tatu alifika mlangoni kwa mwalimu wa zamu, akitaka kusema, na mara zote tatu aliulizwa, "Unataka nini?" akajibu, "Hakuna, mwalimu."

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, gari la mikate lilimgonga mtoto.

Aliitwa Peace. Alikuwa na miaka mitano, binti wa mwenye duka mmoja wa Njombe aitwaye Hyasinta. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, upande wa kushoto, akifunga kamba ya kiatu. King'ora kililia, lakini mtoto huyo alikuwa ameshazoea sauti hiyo kila asubuhi. Watu walipopiga kelele, tairi lilikuwa limeshapanda mguu wake. Mfupa ulivunjika sehemu mbili.

Askari wa usalama barabarani walimhoji Lenard pale pale. "Kamera haikuonyesha kitu," alisema. "Vioo havikuonyesha kitu." Maneno hayo yaliandikwa, na yakasambaa kutoka Njombe hadi Makambako kabla jua halijazama. Mama Dorosela alilia kwa hasira. Alisema fundi Methodi amemfungia vitu vibovu na kumwacha mtoto wa watu aumie. Kesho yake Methodi aliitwa polisi kuhojiwa, naye Lenard akaruhusiwa kwenda nyumbani kusubiri gari likaguliwe.

Jumamosi, Yunis na mama yake, Anneth, walikwenda hospitali kumwona Peace. Mguu wa mtoto ulikuwa ndani ya plasta nzito hadi kiunoni. Hakulia. Alitazama dari tu, na hilo lilimuumiza Yunis kuliko kilio.

"Kamwene, dada Hyasinta," Anneth alisalimia kwa Kibena. "Pole sana. Tumeshindwa hata kula."

"Kamwene," Hyasinta aliitikia. "Simlaumu mume wako. Dereva angefanya nini kama vioo ni vibovu? Ila huyo fundi, sitamsamehe maisha yangu yote."

Yunis alitoka nje ya wodi. Alisimama kwenye korido, paji la uso likiegemea ukuta wa baridi, akitamani kuwa mtu mwingine.

Jumatatu shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Scholastica alipoingia darasani, kundi la wavulana lilianza kulia kwa pamoja: "Tii, tii, tii! Jihadharini, binti wa kamera mbovu!" Scholastica alikaa, akafungua daftari, akaanza kuandika. Machozi yalianguka kwenye karatasi na wino ukatawanyika.

"Wateja wote wamechukua magari yao," alimwambia Yunis bila kumtazama. "Baba hali. Anakaa tu karakanani amefunga mlango. Anasema labda alikosea waya. Usiku anaamka anachora ile mifumo yake ya waya upya, anatafuta kosa." Kisha akageuka. "Yunis, wewe ulikuwepo. Uliiona ndoo. Mara tatu uliiona. Kwa nini husemi?"

Yunis aliinamia dawati. Scholastica alikusanya vitabu vyake, akahamia dawati la nyuma.

Siku hiyo Yunis hakusubiri kengele ya mwisho. Alikimbia hadi nyumbani. Baba alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda na kutazama mbele, ambako hakukuwa na kitu.

"Baba, fundi Methodi hana kosa."

"Najua."

"Tuseme basi."

"Ukisema, nitafungwa. Mtakula nini? Mdogo wako atakula nini?" Alijifuta uso. "Mimi nimekwisha, Yunis. Nimemvunja mtoto mguu, nimemharibia mtu jina, na bado naogopa. Sijawahi kujichukia hivi."

Yunis alipiga magoti mbele yake, upande wa kulia, ili amwone. "Nilikuahidi, baba. Na kwa sababu nilikuahidi, Peace amevunjika mguu. Sikuahidi vizuri. Nisamehe, lakini ninamwambia mama."

Baba hakumzuia.

Anneth alikuwa jikoni akipepeta maharage. Alimsikiliza Yunis hadi mwisho, ungo ukiwa mapajani, mikono imetulia. Kisha aliinuka, akachukua kikombe chekundu, akaenda uani akasimama kushoto kwa mumewe. Alinyoosha mkono uliokuwa na kikombe karibu kabisa na sikio lake.

"Baba Yunis. Nimeshika nini?"

Lenard alianza kugeuza kichwa.

"Usigeuke. Nimeshika nini?"

Lenard alitazama mbele tu. Kuku walichakura. Anneth alikishusha kikombe.

"Miaka kumi na mitano tunalala nyumba moja," alisema kwa uchungu, "na ukaamua kumbebesha mtoto mzigo huu badala yangu."

Jioni ile ile waliongozana wote watatu hadi kituo cha polisi. Lenard alisimama mbele ya meza, akayafuta maneno yake ya kwanza, akasema ukweli wote. Yunis naye alieleza habari ya ndoo nyekundu na habari ya mtaro. Siku ya pili gari lilikaguliwa mbele ya Mama Dorosela. Kamera ilifanya kazi. Vioo vyote vilifanya kazi. Mama Dorosela alikaa kwenye ngazi ya kiwanda chake, mikono kichwani, akasema mara mbili, "Na mimi nilimtukana Methodi mbele za watu."

Hospitalini, daktari wa macho alimpima Lenard asubuhi nzima. Kisha aliwaita wote ndani.

"Jicho la kulia lina mtoto wa jicho," alisema. "Hilo tutalifanyia upasuaji na utaona nalo vizuri. La kushoto limeharibiwa na presha ya jicho. Ugonjwa huu hauumi. Unakula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, polepole, na mgonjwa hajui. Tungekupima miaka miwili iliyopita, tungeliokoa. Sasa kilichopotea hakirudi. Kazi yetu ni kulinda hili lililobaki, kwa dawa, kila siku, maisha yako yote."

"Na kuendesha?" Lenard aliuliza, ingawa alijua.

"Magari ya kazi, hapana."

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Lenard alipandishwa mahakamani, akafungiwa leseni, na hukumu ikampa kifungo cha nje. Aliuza miti yake yote ya mbao kule Mdandu, aliyoipanda mwaka Yunis alipozaliwa, ili kugharamia matibabu ya Peace. Mtoto huyo alikaa na plasta hadi mwezi wa tisa, akajifunza kutembea upya, na alipokimbia alichechemea. Hyasinta hakusema kwamba amesamehe. Alisema tu, "Leteni mikate kama kawaida," na gari lilianza kwenda tena likiwa na dereva mpya na utingo wake.

Upasuaji wa jicho la kulia ulifanikiwa. Mama Dorosela alimpa Lenard kazi ya kukanda unga na kuoka. Siku za mwanzo alirudi nyumbani na malengelenge mikononi. Hata hivyo alirudi akiwa mzima, na Yunis alianza kulala usingizi.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki. Jumapili moja baada ya ibada, Lenard alimwomba Yunis amsindikize karakanani kwa Methodi. Walimkuta fundi akikusanya zana, Scholastica akifagia. Lenard alivua kofia.

"Fundi, nimekuja kuomba msamaha. Niliacha watu wakutafune ili mimi nisionekane. Sina cha kukulipa."

Methodi alifuta koleo lake, akaliweka kwenye sanduku. "Nilikonda," alisema mwishoni. "Nilifikia kufikiri sijui kazi yangu. Hilo halitatoka leo."

"Najua," alisema Lenard.

Scholastica aliweka ufagio chini. Alileta kigoda akakiweka upande wa kulia wa Lenard, mahali anapoweza kukiona. "Kaa, baba mkubwa," alisema. Kisha akamtazama Yunis, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili hakugeuza uso.

Methodi alikaa mbele yao. "Sikilizeni, na nyie watoto msikilize vizuri. Mimi nimefunga vioo vingi maishani. Kioo hakioni. Kamera haioni. Anayeona ni mtu, na mtu huyo akiwa mgonjwa, ukimwekea hata vioo mia unajidanganya. Lenard, kosa lako halikuwa kuumwa. Kuumwa ni kwa kila mtu. Kosa lako lilikuwa kuuficha ugonjwa huku umeshika usukani. Ungesema mapema, ungepoteza kazi. Ulipoficha, umepoteza kazi hiyo hiyo, na mtoto wa watu amevunjika mguu."

Akamgeukia Yunis. "Na wewe, mwanangu, mtu mzima akikuomba ufiche jambo linaloweza kuumiza watu, hiyo si siri ya kutunza. Mwambie mtu mwingine mzima, siku hiyo hiyo, hata kama anayekuomba ni baba yako na unampenda. Ulichelewa. Lakini ulisema, na uliposema nilipata jina langu."

Yunis aliitikia kwa kichwa. Alikuwa akilia, na hakuona haya.

Upepo wa Makambako ulipeperusha vumbi mlangoni. Methodi aliinua kipande cha waya, akakisogeza mbali na uso, kisha karibu, kisha mbali tena, akakunja uso.

"Hebu niambieni," alisema, "huko kliniki ya macho wanaanza kupima saa ngapi?"